Wale wa Jumamosi

Nilihamia Katoro kwa ajili ya mizani. Tajiri wangu, Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme Shinyanga mjini, alikuwa amefungua tawi huko kwa ajili ya wanunuzi wa dhahabu, akawa anatafuta fundi wa kutengeneza mizani zao ndogo za kielektroniki, pamoja na simu na kompyuta. Nikakubali kwa sababu sikuwa na mtu wa kunikataza. Mama alikuwa ameshafariki, kaka zangu wana familia zao, na mimi nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye kila harusi ya ukoo anaulizwa swali lilelile.

Katoro hakuna anayekuuliza ulikotoka, kwa kuwa karibu kila mtu ametoka mahali pengine. Mwanzoni nililipenda jambo hilo. Baadaye likaanza kunielemea. Nilipanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, wengi wao watu wa migodini. Ukianza tu kumzoea jirani, unaamka unakuta mlango wake una kufuli jingine. Amesikia kuna rashi mahali, yaani dhahabu imeibuka huko, na ameondoka bila kuaga. Siku za kazi nilikuwa na wateja wa kuongea nao. Jumapili ndiyo iliyokuwa ngumu. Nilitoka kanisani mapema, nikapika, nikafua, na bado jua lilikuwa juu kabisa na sina la kufanya mpaka Jumatatu.

Ni katika Jumapili hizo nilipojifunza kuandika programu, peke yangu, kwa kusoma kwenye intaneti. Siku moja, kwenye ukurasa mmoja wa watu wanaokipenda Kisukuma, nikakuta mtu ameandika kwamba anatafuta wenye kujua kompyuta na wanaoongea Kisukuma vizuri, wasaidie kazi ya kujitolea. Alimalizia kwa kusema hakuna malipo, hakuna kiingilio, hakuna fomu. Nikamwandikia. Akanipigia jioni ileile.

"Shikamoo," nilisema, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba. Kwenu mnasema Kisukuma cha wapi?"

Nikamwambia. Akacheka, akasema basi tutagombana kuhusu maneno, na kwamba hilo ndilo analolitaka.

Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari ya Shinyanga, na nyumbani kwake ni Tinde. Sote tulimwita Mwalimu. Walikuwa watatu kabla yangu. Wa pili alikuwa nesi wa zahanati, mama wa makamo mwenye sauti nzito, ambaye ndiye aliyeleta wazo lenyewe. Wa tatu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hata Jumamosi. Walikutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha steshenari moja mjini, kwa hisani ya mama wa Kihindi mwenye duka, ambaye Mwalimu aliwahi kumfundishia wanawe.

Programu tuliyokuwa tunaiandika ilikuwa ya zahanati. Nesi akiingiza siku aliyozaliwa mtoto, kompyuta inampangia tarehe za chanjo, kisha inatamka kwa Kisukuma lini mama arudi. Sauti ilikuwa ya nesi wetu. Kina mama wa vijijini walikuwa wakiandikiwa tarehe kwenye kadi wasizoweza kuzisoma, wanazikunja na kwenda zao. Sasa walikuwa wanasikia, wanarudia kwa sauti, wanacheka, wanakumbuka. Zahanati kadhaa zilikuwa zimeipokea, kuanzia Tinde hadi Runzewe.

Nilianza kusafiri mara moja kwa mwezi, Ijumaa jioni nikitoka kazini nafika Kahama, nalala kwa binamu yangu, asubuhi naingia Shinyanga. Sijui nitaelezaje furaha ya chumba kile. Kulikuwa na feni iliyokuwa inagonga, harufu ya wino wa mashine za fotokopi, na chai ya maziwa yenye tangawizi ambayo mama mwenye duka alituletea bila kuulizwa. Tulibishana saa nzima juu ya neno moja la Kisukuma. Hakuna aliyeniuliza nina watoto wangapi.

Aliyekuwa hana raha ni Karani.

"Mwalimu," alisema Jumamosi moja, "sisi ni nani?"

"Unauliza nini?"

"Nikiulizwa kazini Jumamosi ninaenda wapi, niseme nini? Hatuna jina. Hatuna katiba. Hatujasajiliwa popote. Tuna programu inayotumika kwenye zahanati za serikali, na sisi wenyewe hatupo."

Mwalimu aliondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mdogo wangu, nimekaa kwenye vyama maisha yangu yote. Chama cha walimu, kamati ya kanisa, ushirika wa pamba enzi za baba yangu. Siku tutakayompata mwenyekiti, tutakuwa tumempata mtu mmoja wa kukaa. Siku tutakayompata katibu, tutakuwa na mmoja wa kuandika mihtasari badala ya programu. Hapa kila mtu anafanya kazi. Unataka kumpunguza nani?"

Nesi alicheka. Mimi pia. Nilikuwa upande wa Mwalimu kwa moyo wote. Kanisani nilikuwa na kadi, kazini nilikuwa na kitambulisho, kwa mwenye nyumba nilikuwa na mkataba, na kote huko nilikuwa peke yangu. Hapa sikuwa na karatasi hata moja, na nilikuwa na watu. Karani akarudi kwenye kompyuta yake. Nadhani alijisikia mpweke siku ile kuliko sisi sote, na hatukuliona.

Mwalimu alianguka ofisini kwake shuleni, mchana, mwanafunzi akiwa amesimama mbele yake na daftari. Presha. Alifariki kabla hawajafika hospitali. Mimi nilipata habari siku iliyofuata, na kwa bahati tu, kwa sababu Nesi alikuwa zamu alipoletwa ndugu mmoja wa Mwalimu aliyezimia kwa kilio. Hakuna mtu wa nyumbani kwa Mwalimu aliyekuwa na namba zetu, na kama walikuwa nazo, hawakujua ni za nani.

Maziko yalikuwa Tinde, nyumbani kwake. Watu walikuwa wengi mno. Tulisimama watatu karibu na uzio wa minyaa, mimi, Nesi na Karani, tukiwa tumenunua shada la maua la karatasi. Mwongoza ratiba alikuwa na kipaza sauti. Baada ya familia kuweka mashada, akaanza kuita makundi. Waliitwa walimu wenzake. Wakaitwa wanafunzi, wakaja na sare zao. Ikaitwa kwaya, ikaitwa kamati ya ujenzi wa kanisa, wakaitwa majirani, wakaitwa wanaume waliosoma naye. Kila kundi lilisogea, mmoja wao akasema maneno machache, wakaweka shada lao, wakarudi.

Karani alimwendea mwongoza ratiba. Nikawaona wakinong'ona. Akarudi mikono mitupu.

"Ameniuliza tunaitwaje," alisema. "Nikamwambia sisi ni wenzake wa kompyuta. Akasema haoni kundi hilo kwenye ratiba, na muda umekwisha."

Tukangoja. Watu walipoanza kutawanyika kwenda kunawa, tuliliweka shada letu pembeni kabisa mwa mengine, kimya kimya, kama watu wanaotupa kitu wasichotaka kuonekana nacho. Nesi alilia. Mimi machozi yalikataa. Nilikuwa nawaza kwamba mtu huyu ndiye niliyezungumza naye kuliko mtu yeyote katika miaka miwili, na hapa kwake hakuna ajuaye kwamba nimefiwa.

Tulipokwenda kumpa pole mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, kichwa kimefunikwa kwa kanga. Nesi alipiga magoti kwanza, akasema pole, mimi nikafuata. Nikasema natoka Katoro.

Aliinua uso. "Katoro?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ndiye wa Katoro." Hakuuliza. Wanawake waliokuwa karibu naye waligeuka kunitazama. "Simu ilikuwa inaandika 'Katoro' tu. Jumapili mchana. Anaiweka sikioni, anatoka nje kwenye mti."

Nikasema, "Mama, tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Sisi ni wale wa Jumamosi. Wa kompyuta."

"Wale wa Jumamosi," alirudia. "Mume wangu miaka yote ananiambia anakwenda kwa wenzake. Nikimuuliza wenzako gani, anasema wenzangu tu. Mnaitwaje?"

Karani alikuwa mlangoni. Nilimgeukia. Akaangalia chini.

"Hatuna jina, mama," nilisema.

Mjane akajifunika tena kanga. Tukatoka. Barabarani, tukingoja gari, Karani angeweza kusema, "Niliwaambia." Hakusema, na tangu siku ile nikaanza kumheshimu.

Mwaka ulipogeuka, shida ya pili ikajitokeza. Programu ilianza kukosea tarehe za watoto waliozaliwa mwishoni mwa mwaka. Ilikuwa inawarudisha nyuma, na kina mama wanaambiwa warudi siku ambazo zimeshapita. Niliona kosa, nikalirekebisha Jumapili moja. Lakini programu zote za zahanati zilikuwa zinachukua marekebisho kutoka ghala moja la mtandaoni, na ingawa kila mtu aliweza kulisoma ghala hilo, aliyekuwa na neno la siri la kuingiza kitu ndani yake alikuwa Mwalimu peke yake. Halikuwa fumbo. Hatukuwahi tu kumuomba, na yeye hakuwahi kufikiria kutupa. Sasa lilikuwa ndani ya simu yake.

Nilimpigia shemeji wa mjane, mdogo wa marehemu, aliyekuwa anashughulikia mali. Alikuwa mtu wa adabu.

"Dada, simu ya marehemu nitampaje mtu nisiyemjua? Leteni barua yenye mhuri, inayosema nyinyi ni kina nani."

Hatukuwa na mhuri. Hatukuwa na barua. Nikampigia Karani, nikamwambia, "Tuandikishe kikundi."

Alifanya kila kitu yeye. Aliandika katiba, akatupeleka kwa afisa wa maendeleo ya jamii, akatuhimiza tuchague jina. Tulikuwa watatu na sheria inataka wengi zaidi, kwa hiyo Nesi akaleta wenzake wawili wa zahanati, Karani akaleta marafiki zake, na mama mwenye steshenari mwenyewe akajiandikisha, akasema amechoka kupika chai ya watu wasiojulikana. Karani akawa mwenyekiti, mimi katibu. Tulipofika kipengele cha misiba kwenye katiba, hakuna aliyetania. Tukaandika kwamba kila mwanachama ataleta namba ya mtu wake wa nyumbani, na kwamba kikundi kitakwenda kujitambulisha kwake mwanachama akiwa hai.

Barua ilipotoka, na mhuri wake wa bluu, nilikwenda Tinde mwenyewe. Shemeji aliisoma mpaka mwisho. Kisha akasema kwa masikitiko ya kweli, "Simu ya mwenzenu alipewa mtoto wa dada yake anayesoma. Ameifuta yote akaanza upya."

Basi tukafungua ghala jingine, na safari hii maneno ya siri tukayagawa, mimi, Nesi na Karani, ili mmoja akianguka wengine wasibaki nje ya mlango. Kilichobaki ni kuzunguka. Tulikwenda zahanati moja baada ya nyingine na flashi mkononi, tukiifuta programu ya zamani na kuweka mpya. Watu wa ofisi ya mganga mkuu waliona mhuri, wakatupa ruhusa siku hiyohiyo. Lazima niseme ukweli kwamba bila karatasi ile tusingepita hata geti.

Zahanati ya Tinde niliiacha mwisho. Siku niliyokwenda, nilipita kwanza kwa mjane. Nilimkuta anachambua choroko uani. Nikamsalimu, nikamwambia nakwenda kufanya kazi ya Mwalimu hapo karibu, na kwamba ningependa aione. Nilidhani atakataa. Aliweka ungo chini, akabadilisha kanga, tukaenda kwa miguu.

Alikaa kwenye benchi la kina mama. Nilipomaliza, nesi wa pale alimwita mama mmoja kijana mwenye kichanga, akaandika, akabonyeza. Sauti ikatoka kwa Kisukuma, ikamwita mama wa mtoto, ikamtajia siku ya mnada atakayorudi, kwa kuwa Mwalimu ndiye aliyetufundisha kwamba watu wa kwetu wanakumbuka siku za mnada kuliko tarehe. Yule mama kijana akajibu kabisa, "Wabeja," akiishukuru kompyuta, na watu wote wakacheka.

Mjane hakucheka. "Hii ndiyo aliyokuwa anafanya?"

"Ndiyo, mama."

"Jumamosi zote?"

"Zote. Na Jumapili mchana alinipigia kunirekebisha makosa."

Aliitazama kompyuta, vumbi lake, waya uliofungwa kwa utepe wa gundi. "Mngeniambia," alisema. "Kitu chema kama hiki, mnakificha kama pombe." Akanishika mkono, akaushika hivyo mpaka tulipotoka nje. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuwa na hasira, na hakuwa nayo tena.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema Karani alikuwa sahihi na Mwalimu alikosea, basi. Lakini kikundi chenye jina kinawavuta watu. Katika mwaka uliofuata tulipata wanachama wengi, na wengi walikuwa watu wazuri, ila hawakuja kwa ajili ya kazi. Walikuja kwa ajili ya kikundi. Zikatoka fulana. Zikaundwa kamati, na kamati ya kuangalia kamati. Chumba cha nyuma kikawa hakitoshi, tukahamia ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki. Nilisafiri kutoka Katoro kuja kuandika nani amefungua kikao, nani ameomba udhuru, nani ameunga mkono hoja. Siku moja nilitaka kuonyesha neno la Kisumbwa, lugha inayosemwa kule Runzewe, ambalo watu wa huko walikuwa wameliomba. Mtu mmoja akanyoosha mkono akasema halimo kwenye ajenda. Alikuwa sahihi, halikuwemo.

Nikamtafuta Mwenyekiti wakati wa chai.

"Nakuomba uniachishe ukatibu," nilimwambia.

"Kwa nini? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Lakini leo nimekaa kutwa na watu wote hawa na sijaongea na mtu."

Alikuwa amenenepa kidogo na amechoka, na shati lake, kwa mara ya kwanza, lilikuwa na mkunjo. "Mimi ndiye niliyetaka," alisema. "Nilitaka tuwe na jina. Sikujua jina linakula hivi."

Tulikubaliana palepale, tukiwa tumesimama, kabla mtu hajatuwekea ajenda. Kikundi kibaki na usajili wake, na jina, na mhuri, na utaratibu wa misiba. Mkutano wa wote uwe mara moja kwa mwaka. Kuandika programu kusiwe na uanachama wala ruhusa, anayejua alete, na wenye maneno ya siri wataangalia na kupokea. Aliupeleka uamuzi huo mkutanoni, wakamzomea kidogo, ukapita. Wengi wakaacha kuja. Nadhani waliondoka na kinyongo, na sikufurahia kuondoka kwao. Ukumbi ule ndio uliokuwa Jumamosi yao.

Ila chumba cha nyuma hakikurudi. Mama mwenye steshenari alikuwa ameshakijaza maboksi ya karatasi, na Nesi alihamishiwa mkoa mwingine. Karani ameoa, ana mtoto mdogo, na huniandikia ujumbe mfupi wenye adabu kuhusu ripoti ya mwaka. Programu inafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Sina tena sababu ya kwenda Shinyanga.

Jumapili zangu bado ni ndefu. Nafungua kompyuta baada ya kanisa, naangalia kilicholetwa ghalani. Siku hizi kuna mtu wa Runzewe anayeleta Kisumbwa, sentensi moja moja, kwa uangalifu mkubwa, kisha anangoja jibu langu. Sijui kama ni mwanamume au mwanamke. Mwezi uliopita alileta sentensi ambayo sikuielewa. Nikaandika kuuliza maana yake. Akajibu kwa kirefu, kisha chini akaongeza kwamba ni mara yake ya kwanza kumweleza mtu lugha ya bibi yake, na akauliza kama ningependa siku moja anipigie, maana kuandika kunachosha.

Nilikaa na swali lile mpaka kivuli cha nyumba ya jirani kikafika mlangoni kwangu. Uani mpangaji mpya alikuwa anafunga kamba ya kuanikia nguo, hatujasalimiana bado. Kisha nikaandika namba yangu, na jina langu, na jina la kikundi, na nikamwomba kwanza aniambie nyumbani kwao anaishi na nani, ili nao wajue anaongea na nani.